Kabla Gari la Wagonjwa Halijafika



Naomba nafasi katika sehemu yetu ya Kiswahili niseme juu ya jambo lililozungumzwa sana muhula huu, mabwenini na katika barua za wazee wetu waliosoma hapa zamani. Sote twajua kwamba Chama cha Wanafunzi wa Zamani chataka kuipa shule zawadi, na kwamba wengi wao wamependekeza zawadi hiyo iwe gari la wagonjwa. Nia yao ni njema, na mtoto mwenye adabu hupokea kwa mikono miwili. Lakini gari bado halijanunuliwa, na maadamu shauri li wazi, nadhani hata mwanafunzi wa Kidato cha Sita aweza kutoa rai yake bila kuvunja heshima. Rai yangu ni hii: kabla ya kununua gari, tuwafundishe na kuwapa vifaa wale ambao siku zote hufika kabla ya gari.

Wasomaji wenzangu, mwili wa mtu una saa yake, wala saa hiyo haingojei foleni ya magari. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu yaweza kumwishia mtu katika dakika chache. Aliyezimia akalazwa chali aweza kufa kwa ulimi wake mwenyewe au kwa matapishi yaliyoziba njia ya pumzi, hata kama jeraha lenyewe ni dogo. Haya si mambo ya chuo kikuu. Tumeyasoma humu humu darasani katika somo la baiolojia. Basi tunapouliza kama gari la wagonjwa limechelewa, yatupasa kwanza kuuliza: limechelewa kwa kipimo cha nani? Kwa dereva aliyetoka mbio, nusu saa katika Kampala ni mwendo mzuri. Kwa mtu anayevuja damu, nusu saa ni zaidi ya maisha yake yote yaliyobaki.

Tuutazame na mji wetu wenyewe. Wamisionari walipenda vilima. Hospitali ya Mengo ilianzishwa na Daktari Albert Cook mwaka 1897 katika kilima cha Namirembe. Masista wakaanza ya Rubaga mwaka 1899, na ya Nsambya mwaka 1903. Mulago nayo, iliyo kubwa kuliko zote, iko juu ya kilima chake. Lakini ajali zetu hutokea mabondeni: Kibuye kwenye mzunguko, Mnara wa Saa, Nakawa, Nateete, na Bwaise ambako mvua ikinyesha maji huingia majumbani. Kutoka Kibuye mpaka Nsambya si mbali hata kwa miguu. Hata hivyo saa kumi na moja jioni, teksi zinapojaa njia nzima na boda boda kupita kila mwanya, gari kubwa lenye taa nyekundu husimama pale pale likipiga king'ora kama mtu anayelia peke yake sokoni. Madereva wengine hawalipishi kwa sababu hawana pa kusogea. Wengine hawalipishi kwa sababu wamechoka kudanganywa, maana si kila king'ora kinachopita Kampala kimebeba mgonjwa. Vingi vimebeba wakubwa wanaowahi mkutano. Nami nasema waziwazi kwamba kila anayepiga king'ora bila haki hukinyang'anya nguvu king'ora cha mgonjwa.

Tena magari yenyewe ni machache, na mengi yaitwayo magari ya wagonjwa ni magari tu. Miaka michache iliyopita watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliwachunguza watoa huduma 52 wanaobeba wagonjwa katika nchi hii. Katika hao, 16 tu ndio walioonekana kuwa na magari ya wagonjwa yaliyokamilika kwa vifaa, dawa na watu wa kuhudumu. Waliobaki hawakufikia kiwango hicho. Mwaka 2021 Wizara ya Afya ilitoa sera ya taifa juu ya huduma za dharura, nayo ni hatua ya kushukuru. Lakini sera haina magurudumu, na sisi tunaishi leo.

Sasa nieleze niliyoyaona kwa macho yangu, ili mtu asidhani kwamba nazungumza kwa kusoma tu.

Muhula uliopita, siku ya Jumanne, nilikuwa zamu langoni nikiwapokea wanafunzi wa kutwa. Saa moja kasoro robo asubuhi lori liliteremka kilimani na kumgonga yule mwendesha boda boda aletaye maziwa jikoni kwetu. Wengi wenu mwamfahamu, maana alikuwa mtu wa kutania kila aliyepita. Alianguka kando ya mtaro. Alikuwa na fahamu, akisema, akiomba maji. Bawabu alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Namba ya kwanza haikupokelewa. Namba ya pili ilipokelewa, naye akaulizwa mara tatu shule iko wapi, kisha akaulizwa nani atalipia mafuta. Saa moja na dakika mbili gari la wazi la askari lilikuwa likipita, likasimama. Askari wawili wakaruka chini, na pamoja na vijana wawili wa steji wakamshika yule mtu kila mmoja kiungo chake, mikono na miguu, wakamnyanyua kama gunia la mihogo, wakamlaza juu ya bati karibu na tairi la akiba, kichwa kikining'inia. Wakaondoka kwa kasi. Gari la wagonjwa lilifika saa mbili kasoro dakika kumi. Lilikuta maziwa yaliyomwagika na watoto waliosimama kuangalia.

Yule mtu yu hai. Lakini miguu yake haimchukui tena. Uti wa mgongo ulivunjika, na hakuna awezaye kusema kama uliharibiwa na lori au na ile namna ya kunyanyuliwa. Mimi siwalaumu wale askari hata kidogo. Wao walisimama wakati magari mengine kumi yalipita. Walikuwa na bunduki, pingu na redio ya kuongea na wakubwa wao. Hawakuwa na machela, wala glavu, wala mtu aliyepata kuwaambia kwamba aliyeanguka vile hunyanyuliwa kama ubao, kichwa, shingo na mgongo katika mstari mmoja. Kujifunza jambo hilo ni kazi ya asubuhi moja. Machela ya mbao yaweza kutengenezwa na seremala yeyote wa hapa mtaani.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Siku ile gari lilichelewa, na lingeweza kuchelewa hata kama lingekuwa letu, maana njia ni ile ile na foleni ni ile ile. Msaada haukuchelewa sana. Ulifika katika dakika 17, na vijana wa steji walikuwapo tangu dakika ya kwanza. Uliokosekana ni ujuzi mikononi mwa waliofika.

Wengine watasema mawazo haya ni ya kizungu, ya kusoma vitabuni. La. Wenzetu wanaotoka Kigezi na Ankole wayajua vizuri kuliko mimi. Huko kwao, kabla ya motokaa kufika, na hata baada ya kufika, kulikuwa na engozi. Engozi ni machela ya kusuka, kama susu kubwa, ambayo mgonjwa hulazwa na kubebwa mabegani na wanaume, wakipokezana kupanda na kushuka milima mpaka hospitalini. Nao hawakubeba ovyo. Watu wa kijiji walifanya chama cha engozi. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake. Wito ukipigwa usiku, kila mmoja alijua mahali pake, na asiyekuja bila sababu alitozwa faini. Vyama hivyo vilikuwa imara kiasi kwamba mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha mpango wa watu kuchangia matibabu kabla hawajaugua, iliujenga juu ya vyama vya engozi vilivyokuwapo. Basi babu zetu, bila simu na bila petroli, walikuwa na mambo matatu ambayo Kampala yenye simu na petroli haina: wito unaosikiwa na wote, watu waliopangwa, na chombo cha kumbebea mtu. Tulipokuja mjini tulileta koo zetu, ngoma zetu na vyakula vyetu; engozi tuliiacha nyumbani.

Tena jambo hili limekwisha jaribiwa hapa hapa Kampala. Mwaka 2008 madaktari wa Mulago na wenzao kutoka ng'ambo waliwafundisha huduma ya kwanza watu 307, ambao ni askari polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, kwa sababu walikuwa wameona kwamba hao ndio wanaofika kwanza penye ajali. Hawakuwafundisha udaktari. Waliwafundisha kuzuia damu, kulinda njia ya pumzi, kufunga mfupa uliovunjika na kumbeba mtu vizuri, wakawapa na vifaa vichache. Baada ya miezi sita walirudi kuwauliza. Wengi walikuwa bado wanakumbuka, tena walikuwa wamekwisha kutumia waliyofundishwa, hasa kuzuia damu. Kwa maneno mengine, kondakta wa teksi tunayemwona kuwa mtu wa kelele tu, akifundishwa, hujua la kufanya mtu akiumia mbele yake. Jaribio lilifaulu. Lililobaki ni kulifanya kuwa desturi, kila mwaka, kwa kila anayeingia kazini.

Na boda boda nao, ambao twawalaumu kwa ajali, wanaweza kuwa dawa pia. Yapata mwaka 2010, wataalamu wa Makerere walifanya majaribio katika wilaya za Kamuli na Pallisa. Kila mama mjamzito alipewa vocha ya kumlipa mwendesha boda boda ampeleke kujifungua. Katika eneo la majaribio, mama waliojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka pungufu ya 200 kwa mwezi hadi zaidi ya 500.  Pikipiki zilikuwapo tayari, na vijana wa kuziendesha walikuwapo. Kilichoongezwa ni utaratibu, na hakika ya kulipwa.

Jirani zetu wa Tanzania wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2013 walianza upande wa Ziwa, katika Sengerema na Shinyanga, mpango ambao sasa waitwa m-mama, na mwaka 2022 Serikali yao ilitangaza kuueneza nchi nzima. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipatwa na hatari, simu hupigwa namba 115 bila malipo. Anayepokea huuliza maswali machache, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo, hamwambii mtu angoje. Humwita dereva wa kawaida wa mahali pale, aliyekwisha andikishwa, naye akifikisha mgonjwa hulipwa kwa njia ya simu. Huyo mpokea simu ndiye wito wa engozi wa zama zetu.

Hata mataifa tunayoyaona kuwa yamekamilika hayakuzaliwa hivyo. Mwezi Novemba mwaka 1935 nyumba moja iliungua London, katika mtaa wa Wimpole, wakafa wanawake watano. Jirani aliyejaribu kuwapigia simu zimamoto aliachwa akingoja zamu kama watu wengine waliotaka kusalimiana tu. Watu walikasirika, na mwaka 1937 ndipo namba 999 ikaanzishwa huko, namba ambayo sisi pia tumeirithi. Katika Marekani, mji wa Pittsburgh, mpaka miaka ya 1960 wagonjwa wa mitaa ya watu weusi walibebwa nyuma ya magari ya polisi, kama vile sisi tunavyobebwa leo. Mwaka 1967 watu wa mitaa hiyo, pamoja na daktari aitwaye Peter Safar, walianzisha kikosi kilichoitwa Freedom House. Wakachukua vijana weusi ambao wengi waliwaona hawafai kitu, wakawafundisha kwa bidii, na vijana hao wakawa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kutoa matibabu ya kweli ndani ya gari, wangali njiani. Na katika mji wa Seattle, mwaka 1970, askari wa zimamoto walifundishwa kutibu walioshikwa na moyo. Sababu ilikuwa nyepesi: vituo vya zimamoto vilikuwa vimetawanyika kila mtaa, na gari lao hufika mapema. Huko mtu akianguka ghafula, usishangae ukiona gari la zimamoto limetangulia hali hakuna moto wowote.

Hapa nataka tuone jambo moja ambalo naona twalipita bila kulitazama. Katika nchi nyingi polisi ni nyumba moja na zimamoto ni nyumba nyingine, kila mmoja na mkubwa wake na wivu wake. Katika Uganda, zimamoto ni idara ndani ya polisi. Anayepiga 999 au 112 huongea na nyumba ambayo ina askari wa doria, ina askari wa zimamoto, ina redio na ina magari kila pembe ya mji. Nusu ya kazi ambayo wengine waliihangaikia miaka mingi, sisi tumekwisha kuipata. Iliyobaki ni kumwambia mpokea simu kwamba mtu anayevuja damu ni dharura sawa na mwizi, na kumpa askari wa karibu machela na mafunzo, huku gari la wagonjwa likiwa njiani. Nayo lugha ipo. Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wetu kwa miaka mingi. Dereva wa lori atokaye Mombasa hukijua, na mchukuzi wa Kisenyi hukisikia. Mtu aliyefadhaika hawezi kutafuta maneno ya Kiingereza. Mpokea simu awe tayari kumsikiliza kwa Kiganda na kwa Kiswahili pia.

Nimeyajadili haya na wenzangu bwenini, na wamenipinga kwa hoja ambazo si haki kuzipuuza.

Mmoja alisema: tukiwafundisha boda boda na askari, Serikali itapata kisingizio cha kutonunua magari. Hoja hii ina uzito. Lakini nauliza, gari likija zuri, likamkuta mtu amekwisha kukata roho, limemfaa nini? Aliyeokolewa dakika kumi za kwanza ndiye atakayelihitaji gari, daktari na chumba cha upasuaji. Mikono iliyofundishwa haiondoi haja ya gari. Hulipatia gari kazi ya kufanya. Tuendelee kudai magari, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Wa pili alisema: penye ajali Kampala, wa kwanza kufika ni mwizi, naye huanza na mifuko. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini mwizi hupata nafasi kwa sababu pale hakuna mwenye amri. Akiwapo kijana wa steji aliyeandikishwa, mwenye fulana na namba yake, ambaye mwenyekiti wa steji na polisi wamjua kwa jina, mwizi atakuwa na mtu wa kumwogopa.

Wa tatu alisema jambo la kusikitisha kuliko yote: watu wanaogopa kusaidia. Wanaogopa kwamba wakimfikisha majeruhi mlangoni wataambiwa walipe kwanza, au watashikwa siku nzima kama mashahidi, au hata kudhaniwa kwamba ndio waliogonga. Hofu hii nimeisikia kwa watu wengi, na mafunzo peke yake hayaiponyi. Yapasa wakubwa wa polisi na wa hospitali watangaze wazi, na kubandika milangoni, kwamba aliyemleta mtu ataandikwa jina na kwenda zake, na kwamba damu huzuiwa kwanza, pesa huulizwa baadaye. Mtu akiadhibiwa kwa wema mara moja, kesho yake atapita kando, na watoto wake watajifunza kupita kando.

Katika ajali kubwa mambo haya yote huonekana pamoja. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la takataka la Kiteezi liliporomoka juu ya nyumba za watu. Majirani walichimba, polisi wakachimba, watu wa Msalaba Mwekundu wakachimba, na mwishowe maiti 35 zilikuwa zimehesabiwa. Hapakukosekana moyo pale. Uganda haijapata kukosa watu wenye moyo. Lakini moyo bila mpango huchosha watu bure, na wanaotaka kuokoa hukanyagana na wanaookolewa.

Sasa narudi kwa wazee wetu wa Chama, nao ndio hasa ninaowaandikia.

Waheshimiwa, gari moja litahitaji dereva wa mchana na dereva wa usiku, mafuta, bima, matairi na fundi, mwaka baada ya mwaka. Tumeona katika shule nyingine basi la zawadi likiota nyasi nyuma ya jiko kwa kukosa mafuta. Kwa fedha za gari hilo hilo, naomba mfikirie mambo haya:

Kwanza, steji za boda boda zinazozunguka kilima chetu ni saba, nimezihesabu mwenyewe. Kila steji itoe watu wanne, jumla 28, wafundishwe huduma ya kwanza na Msalaba Mwekundu au St John, ambao kufundisha ni kazi yao. Wafundishwe upya kila mwaka, maana ujuzi usiotumika huota kutu.

Pili, kila steji iwe na machela moja, sanduku la bandeji na glavu, na vibao viwili vya kufungia mifupa. Karakana yetu ya useremala yaweza kutengeneza machela na vibao. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wametengeneza madawati ya shule nzima, machela haiwashindi.

Tatu, miongoni mwenu wamo maofisa wa polisi, madaktari, wahandisi na wabunge. Zungumzeni na kituo cha polisi cha karibu ili gari lake la doria nalo liwe na machela, na askari wake waje wafundishwe pamoja na vijana wa steji, katika uwanja mmoja. Watu waliokula chakula pamoja siku tatu hawatagombana penye ajali.

Nne, ubandikwe ubao langoni na katika kila steji, wenye namba za simu na maneno ya kuelezea mahali petu: jina la kilima, barabara, na alama inayojulikana na kila mtu. Mpigaji asiulizwe mara tatu, na akiulizwa, awe na jibu mbele ya macho yake.

Tano, na hili latuhusu sisi wanafunzi, asiwepo mtu atakayemaliza Kidato cha Nne hapa bila kujua kuzuia damu, kumlaza aliyezimia kwa ubavu, kusukuma kifua cha aliyesimama moyo na kumbeba aliyevunjika. Twafundishwa tarehe za vita vya Ulaya na mito ya Amerika, nami sizidharau. Lakini katika mji huu, mwanafunzi ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mtu anayevuja damu kuliko kukutana na mto Mississippi.

Haya yakifanyika, na fedha zikibaki, au zikipatikana nyingine, basi na linunuliwe gari, nami nitakuwa wa kwanza kulipigia makofi likiingia langoni. Litawakuta watu walio tayari kulipokea mgonjwa aliyetunzwa vizuri.

Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Gari la wagonjwa ni kidole kimoja, hata kama ni kidole kinene chenye taa na king'ora. Polisi ni kidole, zimamoto ni kidole, boda boda, muuguzi wa hospitali na mwanafunzi kadhalika. Mkutano mkuu wa Chama utafanyika mwisho wa muhula huu. Namwomba Bwana Katibu aliweke shauri hili katika orodha ya mambo ya kuzungumzwa, kando ya shauri la gari, ili wanachama wayapime yote mawili na kupiga kura. Na wanafunzi wenzangu wenye rai nyingine, wanijibu katika toleo lijalo. Nitasoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita